Mzee Herménégilde na kiti cha msemaji

“Kunywa.”

“Sinywi.”

“Baba Achille, kunywa haya maji.”

“Minye siko mutoto. Ondoa hiyo kopo mbele yangu.”

Walikuwa hivyo tangu asubuhi. Pudentienne amesimama na kopo la maji mkononi, na mumewe, mzee Herménégilde wa Luberizi, ameketi kitandani amebana midomo kama mtoto anayekataa dawa ya minyoo. Koti lake jeusi lilikuwa limekwisha kupigwa pasi, limetundikwa kwenye msumari. Uani wanawake walikuwa wakichambua mchele, na sebuleni chungu cha pombe ya mtama kilikuwa kimewekwa katikati ya viti, mirija juu yake. Saa sita wageni wangekuja kumposa Dorine, mjukuu wa nyumba hii, na msemaji wa familia ya binti alikuwa ni yeye Herménégilde.

Hofu yake yote ilikuwa kwenye kile kiti. Msemaji wa upande wa binti akishagusa mrija kwa mdomo, haondoki kitini mpaka neno la ng'ombe wa mahari liishe. Akiinuka kabla, wageni wanajua wamenyimwa mtoto. Hawaulizi, hawabembelezi, wanachukua kofia zao. Kule Luvungi msemaji mmoja aliumwa tako na siafu, akaruka juu, na kabla hajatua chini wageni walikuwa wameshapanda pikipiki. Yule binti alikaa miaka minne bila kuulizwa na mtu, na siafu yule anasemwa mpaka leo.

Na neno la ng'ombe si la dakika kumi. Linaweza kula saa tatu. Herménégilde hakuwa na saa tatu. Kibofu chake kilimpa nusu saa, siku nzuri.

Kabla ya kufanyiwa operasyo hospitalini, mkojo wake ulikuwa mchoyo. Akisimama nyuma ya nyumba, kuku alitaga pembeni yake, akalalia, vifaranga wakatoka, na mzee bado anangoja tone la pili. Anayebisha angewauliza wale vifaranga. Bahati mbaya waliliwa Noeli. Mwishowe ukafunga kabisa, tumbo likawa ngoma. Achille, mwanawe, akamvusha mpaka wa nchi, na huko daktari akapitisha lazeri kwa njia ileile ya mkojo, ikakwangua nyama iliyoziba. Hakukuwa na kisu wala kovu la kuonyesha watu. Walipomtoa mpira wa mkojo, alikojoa kwa nguvu hata mabata wa jirani wakakimbia wakidhani mto Ruzizi umevunja kingo.

Kumbe mkojo sasa ulikuwa ng'ombe asiye na kamba. Akimwita anakuja, asipomwita anakuja vilevile. Akikohoa, tone. Akicheka, matone. Akiinuka haraka, ndiyo hatari yenyewe. Na kila safari kulikuwa na kuungua kidogo, kama pilipili iliyosahauliwa. Daktari alikuwa amewaambia mapema: itachukua majuma, labda miezi, anywe maji mengi, abane misuli ya chini mara kumi asubuhi, mchana na jioni, na kidogo kidogo kamba itarudi. Sasa yalikuwa majuma matano. Herménégilde alikuwa amebana mpaka uso ukabadilika, majirani wakidhani ana hasira na mtu.

Basi akatafuta dawa yake mwenyewe. Tangu juzi alhamisi hakuwa amekunywa chochote, hata chai. Kisichoingia hakitatoka, ndivyo alivyojipigia hesabu. Asubuhi hii Pudentienne alichungulia ndani ya ndoo ya kukojolea akaona kitu cha rangi ya chai iliyoungua, na ndani yake uzi wa damu. Ndipo akaleta kopo.

Alimwambia amwachie kiti mdogo wake Cyprien. Mzee akajibu kwamba Cyprien angemtoa Dorine kwa jogoo mmoja na asante juu. Alimwambia avae taulo ndani ya suruali. Akajibu taulo liko tayari, tangu jana amelijaribu, anatembea kama bata aliyejifungua. Pudentienne akacheka. Mzee alitaka kucheka pia, akajizuia, kwa sababu ya yale matone.

“Unaona?” akasema. “Hata kucheka iko na shida.”

Pudentienne akashusha kopo. Akamuuliza mbona kila jumatatu muuguzi Spès wa kule hospitali akipiga simu, anamwambia mambo iko muzuri. Spès alikuwa na maswali saba: anaamka mara ngapi usiku, anaweza kuvumilia au anakimbia, mambo hayo. Herménégilde alijibu yote kama mtoto aliyesomea mtihani. La mwisho ndilo lililomfanya aende kuketi peke yake kwenye tuta la mpunga. Kama ungeishi hivi unavyokojoa sasa mpaka mwisho wa maisha yako, ungejisikiaje? Alijibu, nafurahi. Kisha akakaa pale tutani mpaka jua likageuka.

“Mama Achille,” akasema, sauti imeshuka, “na kama inabaki hivi?”

Mkewe akaketi kando yake, kitanda kikalia.

“Daktari alisema miezi.”

“Alisema labda.”

“Basi weye unataka kuikausha figo kabla hiyo miezi haijafika? Nitaenda kwa musemaji wao mwenyewe, Havyarimana, nimwambie uko muntu wa operasyo. Wakuache uinuke, na kuinuka kwako kusihesabiwe.”

“Ukimwambia mwanaume mwenzangu kama minye ninavuja, sitatoka tena—”

Pazia likasogea. Havyarimana alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, kofia mkononi. Alikuwa ametangulia wenzake, kama wasemaji wanavyotangulia siku zote, ili wawili wapatane kwanza ni wapi watagombana mbele za watu. Pudentienne akatazama sakafu.

Herménégilde akainuka kumpokea mgeni, na hapohapo akausikia mkojo unakuja.

“Bamwana, karibu,” akasema, kama wakwe wanavyoitana. “Kaa. Iko neno la kile kiti nataka tupatane. Lakini kwanza niache niende kukojoa.”