Siku Nilipoziba Paa Letu

Nianze kwa kukiri ili tusisumbuane baadaye: nikiwa na miaka tisa niliziba mashimo mawili ya kutolea maji kwenye paa letu. Niliyaziba kwa mifuko ya mkate na selotepu pana ya rangi ya fedha, halafu nikashuka chini kula mandazi kama mtu aliyetoka kufanya kazi ya maana.

Nimekumbushwa jana. Tulikuwa darasani wingu jeusi likatanda juu ya Doha, na mwalimu wetu wa hesabu, mtu asiyecheka, akaacha kufundisha akakimbilia dirishani na simu mkononi kama sisi wengine. Mvua huku ni mgeni. Huja siku chache tu majira ya baridi, na ikija hata watu wazima wenye vyeo vyao hutoka nje kuipiga picha. Harufu ya vumbi lililolowa ikaingia darasani, nami nikarudi Abu Hamour, mtaa wetu wa zamani, bila kuomba ruhusa.

Tulikaa ghorofa ya juu ya jumba moja la zamani lililogawanywa nyumba nne. Paa lilikuwa bapa, limezungushiwa ukuta mfupi, na huko juu kulikuwa na matangi ya maji, kamba za nguo, na madishi ya satelaiti yaliyoelekea kila upande kama watu waliokosana. Mwaka uliotangulia maji yalikuwa yamepenya, na kipande cha dari ya jipsamu kikaangukia kitanda cha wazazi wangu. Bahati nzuri kitanda kilikuwa kitupu. Mwenye nyumba alitengeneza, akasema kwa upole unaotisha: ikianguka tena, mtatafuta pengine. Na Mama aliipenda nyumba ile. Zahanati alikofanya kazi ya uuguzi ilikuwa barabara ya pili tu. Alikuwa akija kula chakula cha mchana na sisi, bado amevaa sare.

Kwa hivyo baridi ilipokaribia, Mama alitangaza vita. Jumamosi asubuhi kwaya ziliimba kwenye simu yake, chai ya tangawizi ikachemka, na nyumba nzima ikanuka silikoni, harufu kali kama siki. Baba alijaza nyufa za madirisha, akilainisha kwa kidole kilicholowekwa kwenye maji ya sabuni, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Mama alikifunika kiyoyozi cha dirishani kwa gunia la mchele, akakifunga kamba mpaka kikafanana na mgonjwa wake. Alizoea kusema, "Mvua ya huku haijui kunyesha. Inakuja kama imetukanwa."

Mimi nilipewa paa. Kazi yenyewe: fagia mchanga, hakikisha yale mashimo mawili yako wazi. Sasa wewe unaujua mchanga wa Doha. Unaufagia asubuhi, jioni upepo umeurudisha wote na jamaa zake. Jumamosi ya tatu nikachoka, akili ikafunguka. Mchanga hauwezi kuingia mahali palipozibwa, au sivyo? Siku ya mvua nitakuja kubandua. Nikaziba, tena kwa bidii ambayo shule haijawahi kuiona.

"Mashimo umeyaangalia?" Mama aliniita kutoka kwenye ngazi.

"Yako safi kabisa, Mama. Hata chembe moja haipiti."

"Huyo ndiye kijana wangu!"

Siku hiyo nilipewa mandazi sita. Kuhusu selotepu, nilisahau hapo hapo.

Mvua ikaja Ijumaa moja, katikati ya asubuhi, sote tuko nyumbani, Mama amevaa sare tayari kwa zamu ya mchana. Kwanza ilikuwa sherehe. Watu walijaa barazani, magari yakapiga honi, watoto wa mtaa mzima wakaruka kwenye madimbwi. Anko wa chini, Mganda aliyekuwa mlinzi wa hoteli, alitoka na kaptura akinyoosha mikono juu kama aliyefunga goli. Mimi nilikuwa nacheza dansi dirishani niliposikia Baba chumbani akisema polepole, "Mama watoto, njoo uone hii dari."

Dari ilikuwa imefanya tumbo. Katikati, juu kabisa ya kitanda, jipsamu ilining'inia kama mjomba aliyemaliza kula pilau.

"Leteni ndoo! Na bisibisi!" Baba akapiga kelele. Alitaka kuitoboa kidogo, maji yashuke taratibu kabla haijaanguka yote. "Lakini maji yanatoka wapi? Si mashimo yako wazi?"

Mwili wangu ukapoa kuanzia masikioni. Nikatimua mbio juu ya ngazi, Mama nyuma yangu, Anko naye nyuma ya Mama.

Nilipofungua mlango wa paa, vibanio vyetu vya nguo vikaelea kutupokea.

"Banange, nyabo!" Anko akamwambia Mama, yaani "jamani, mama" kwa Kiganda chao. "Mmejiletea Ziwa Victoria huku?"

Maji yalinifika magotini. Nikapiga magoti nikipapasa, baridi inauma, nikapata shimo la kwanza lakini selotepu ilikataa. Anko akaja na funguo zake, akachana. Paa likapiga mcheuo mkubwa na maji yakaanza kuzunguka yakiingia. La pili Mama alilipata mwenyewe. Alivuta, akavuta, akaanguka kwa makalio ndani ya maji na sare yake, mkononi ameshika mfuko wa mkate.

Chini Baba aliita, "Imepungua! Dari imeshika!" Kisha tukasikia ndoo ikianguka, na Baba akisema neno ambalo hatukuruhusiwa kulisema.

Dari haikuanguka. Ilibaki na tundu la bisibisi na doa la kahawia, na mwenye nyumba alipokuja alilitazama, akanywa chai, akaenda zake. Tulikaa pale miaka minne mingine. Siku hizi tuko Al Wakrah, ghorofa ya saba, na mvua ikinyesha ni shida ya watu wa matengenezo. Hakuna anayenuka silikoni wala anayenipa paa. Anko alirudi kwao Masaka. Jumba lile limebomolewa, ni kiwanja cha mchanga mtupu, na hakuna wa kuufagia. Nikipita hapo kwa basi la shule nafurahi na kuumia kwa wakati mmoja, na siwaambii wenzangu kwa sababu watanicheka mpaka mwisho wa muhula.

Lakini bado hujaniuliza Mama alifanya nini pale majini. Alikigeuza kile kifuko cha mkate, akaitazama selotepu, akanitazama mimi. Akanipa mgongo. Mabega yakaanza kutetemeka, nami nikajua nimemliza mama yangu. Anko akatazama mbinguni. Mama alipogeuka macho yalikuwa yamejaa machozi na mdomo ameubana kwa nguvu zake zote, akasema:

"Shuka ukamwambie baba yako kila kitu. Na ukisema nimecheka, nitakataa."