Fimbo za Gofu Zilizonifika Kiunoni

Bado nina hasira na Mzee Abdalla, muuza vitu vilivyotumika pale Iringa. Mimi, niliyejisomesha kwa jasho langu hadi nikarudi na diploma ya Uingereza, nilialikwa na mkuu wangu wa kazi kucheza gofu Mbeya, naye alikuwa akitafuta naibu. Basi dukani kwa Mzee Abdalla nikachagua fimbo za gofu kama baba alivyonifundisha kuchagua fimbo ya kutembelea: unasimama wima, ikufike kiunoni.

"Hizo zimezaliwa pamoja nawe, bwana mkubwa!" akasema Mzee Abdalla. Mwongo yule alijua!

Uwanjani nikatamba kwamba fimbo hizo nilipimiwa London. Mke wa mkuu akaishika moja, akauliza kuhusu alama zilizo kwenye ngozi ya mpini.

"Ni nakshi, memsabu, mkono usiteleze."

Akacheka hadi akakaa majanini. "Hayo ni meno ya mbwa wangu! Hizi ni fimbo za wanawake, niliziuza tulipohama Iringa."

Mkuu akanitazama kwa upole. "Na huko London," akauliza, "walikupima ukiwa umevaa gauni?"