Mwalimu Aliyejua Vyoo Vyote vya Mjini

Shemeji yangu ni bingwa wa kufundisha udereva. Usiponiamini, muulize mwanafunzi wake yeyote njia ya kituo cha mafuta, ya benki au ya soko kuu. Njia nyingine hawazijui. Mimi mwenyewe, mdogo wa mkewe, niliiva katika kuegesha gari mbele ya kila jengo lenye choo, maana somo lilikatikia hapo. "Subiri, shemeji, nakuja," alisema, akatoka mbio mkono tumboni.

Na maelezo hayakumpiga chenga. Kuharisha tangu mvua zilizopita? Maji ya bomba. Tumbo kujaa na kuunguruma kila akimaliza kula? Gesi tu. Nguo kumpwaya ilhali anakula kama mchimba visima? Mazoezi, alisema, mtu anayewasha gari kwenda duka la jirani. Dada yangu alimsifu kwa kupungua, akamnunulia mkanda mpya. Mimi ni muuguzi, lakini nani anamsikiliza mwanafunzi anayezima injini kwenye kila taa?

Juzi alitoka choo cha benki midomo imempauka, akajitupa kwenye kiti.

"Shemeji, kinyesi chako kinaelea? Kina mafuta?" nikamuuliza.

"Wewe tazama barabara."

"Kinaelea?"

Akavuta mkanda wa kiti. "Namwaga maji, hakitaki kwenda."

"Basi chakula kinapita tu, mwili hauchukui kitu. Huenda ni utumbo mwembamba. Twende ukapimwe."

"Nipimwe niambiwe ni ugonjwa uleule uliomwondoa kaka yangu? Washa gari. Pale mbele kata kulia, turudi shuleni."

Mtu huyu ndiye aliyenilea tangu dada aliponichukua nikiwa mtoto. Nampenda kuliko ninavyomwambia.

Nikakata kushoto, kwenda hospitali.

"Indiketa!" akafoka. "Nani alikufundisha kukata kona bila indiketa?"

Gari la mafunzo lina breki ya pili upande wa mwalimu, na shemeji huikanyaga hata kuku akiwaza tu kuvuka. Nilikuwa natupia jicho miguu yake njia nzima. Aliikunja chini ya kiti, akaiacha hapohapo mpaka tulipoingia geti la hospitali.