Mizabibu Iliyoandikwa Imekufa

Mtu akiniambia Nzuguni yetu ya Dodoma siku hizi imependeza, namwacha aseme, halafu naaga. Yeye anaona mageti na maua. Mimi naona shamba la mama yangu, na nalijua mstari kwa mstari.

Mizabibu ile hatukuipanda kwa kupenda. Enzi za ujamaa walikuja mabwana shamba wakasema udongo huu ni wa zabibu, pandeni, serikali itanunua zote. Mama alikuwa mtu wa uwele na mtama, zabibu hajawahi hata kuionja. Akapanda. Akajifunza kuifunga kwenye waya, akajifunza na kuipogoa kila baada ya mavuno: unakata matawi yote mpaka shamba linabaki visiki vyeusi, na asiyejua atadhani moto umepita. Baada ya wiki tatu hivi majani yanachomoza upya. Mimi nimesomeshwa na zabibu zile mpaka chuo.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, soko likawa huria. Kiwanda cha mvinyo kikapata mwenyewe, mwenyewe akachagua wa kununua kwao, na mama hakuwemo. Akawa anakaa barabarani na ndoo zake, anapangiwa bei na vijana wenye magari ambao hata salamu walimpa kwa shida. Hilo tulilimeza. Tulijua biashara imebadilika, basi, tutauza kidogo kidogo. Hatukujua kwamba ardhi yenyewe nayo imeingia sokoni.

Nilikuwa likizo wapima walipokuja wakachimbia mawe ya mipaka katikati ya mizabibu. Shamba likawa viwanja hivi hivi tunaangalia. Tukaitwa mkutanoni, tukaambiwa mtathmini atapita kila shamba. Mwenye mazao ya kudumu yaliyo hai atapata fidia inayotosha kuchukua kiwanja kimoja hapo hapo. Mwenye shamba tupu atapewa kifuta jasho, ahame. Mama alitaka kiwanja kimoja tu, kile chenye nyumba yetu. Hakuwa na pengine pa kwenda.

Tulikuwa ndio kwanza tumemaliza kuvuna. Jirani yetu, mzee mwenye mizabibu ng'ambo ya njia, alikuja jioni akatushauri tusipogoe mpaka mtathmini apite. "Acheni majani yaonekane," alisema. Mama mgongo ulikuwa unamsumbua, akanigeukia mimi, msomi wake. Nami kwa kujifanya najua nikasema hao ni wataalamu, serikali ndiyo iliyotufundisha kupogoa, itashindwaje kuutambua mzabibu uliopogolewa? Tukichelewa tutapoteza msimu. Mkasi nikaushika mimi. Siku nne nimekata, jirani ananitazama tu kutoka kwake, na mizabibu yake imejaa majani machakavu ya msimu uliopita.

Mtathmini alikuwa kijana wa rika langu. Alimwamkia mama shikamoo vizuri kabisa, kwa adabu zote, na hilo linaniudhi mpaka leo. Angekuja na jeuri ningejua pa kumshika.

"Mama, hii mizabibu ilikauka lini?"

Mama akacheka, akidhani anataniwa. "Haijakauka, baba. Imepogolewa." Akainama kwa tabu, akakwangua gome kwa ukucha, akamwonyesha ubichi uliokuwa chini yake.

"Naona, mama. Lakini mkubwa wangu akija kukagua akakuta vijiti, na mimi nimeandika mizabibu hai, nitamwambia nini?"

"Rudi baada ya wiki tatu uone."

"Wiki tatu hazipo, mama. Viwanja vimeshatangazwa."

Nikamwita mwizi. Nikamwita na maneno mengine ambayo mama aliniombea radhi palepale, mbele yake. Kijana akaandika: mizabibu mikavu. Akashukuru, akavuka njia kwenda kwa jirani, huko akahesabu majani machakavu.

Wiki ya tatu shamba zima lilichipua. Mama alikata kijitawi kimoja, akakifunga kwenye khanga, akaenda nacho ofisini. Akaambiwa jalada limeshapelekwa juu, halirudi. Greda lilipokuja majani yalikuwa yamefikia ukubwa wa kiganja. Jirani alipata kiwanja chake. Sisi tulipata chumba cha kupanga. Nilimchukia yule kijana, nikawachukia wenye fedha waliokuja kuoneshwa viwanja wakikanyaga waya zetu, nikamchukia na jirani kwa kuwa na akili kuliko mimi. Mama hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Miaka ikapita. Palipokuwa na nyumba yetu sasa kuna nyumba ya mama mmoja wa ofisini, mtu wa pwani, aliyehamia na kazi. Sina ugomvi naye, alinunua alichouziwa. Alipanda mzabibu mmoja juu ya geti, wa kivuli, maana aliambiwa Dodoma ni zabibu. Ukarefuka ukawa pori, akaulizia anayejua kupogoa. Watu wakamtajia mama yangu.

Nilimkataza asiende. Nilisema ni kujidhalilisha. Alichukua mkasi wake akatoka, nikamfuata nimebeba kigoda, nimenuna njia nzima. Akapanda kigodani na mgongo wake ule, akakata tawi baada ya tawi, taratibu, mpaka juu ya geti hapakubaki hata jani.

Yule mama akatoka ndani, akasimama ameshika mdomo. "Bibi, umeniulia mti wangu!"

Mama akashuka, akaufuta mkasi kwa pindo la khanga.

"Haujafa, mwanangu. Subiri wiki tatu," alimwambia. "Wewe subiri tu, hakuna anayekuhamisha."