Mbuzi Aliyekataliwa Getini

Mimi ni mtu wa Njombe. Nilipohamishiwa Tarime kuwa afisa utalii, ndugu zangu waliniuliza kwa simu kama huko kuna utalii kweli. Nikawaambia upo, tena mwingi, ila unapita barabarani. Na ndivyo ilivyokuwa. Magari ya watalii yalitoka mpakani Sirari, yakapita mjini kwetu vioo juu, yakaenda zake Serengeti kutazama nyumbu. Mimi na shahada yangu tulibaki kando ya lami tunakula vumbi lao.

Nilipanga chumba kata ya Nkende, palepale Tarime, kwa mama mmoja mjane, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa kijiji cha pili. Nyuma ya nyumba alikuwa amejenga vyumba viwili vya wageni, akavipaka rangi ya bluu, akaweka vitanda na vyandarua vyeupe. Hakuna mgeni aliyewahi kulala humo hata siku moja. Lakini kila Jumamosi mama alitoa mashuka, akayafua, akayaanika, akayarudisha, mpaka yalianza kupauka bila mtu kuyalalia.

"Mama, si uwapangishie walimu?" nilimwambia siku moja.

"Mwalimu ni mpangaji," akajibu. "Mimi nimejengea wageni. We binti una shule lakini huelewi."

Shida ilikuwa shemeji zake. Kiwanja kilikuwa cha ukoo, na kaka wa marehemu mumewe walikuwa wamechoka kumcheka, sasa wanatoa amri. Walimwambia asubiri wageni wake mpaka mavuno. Mavuno yakifika na vyumba bado vitupu, wanaleta magunia yao ya mahindi, vinakuwa ghala. Mama alijifanya hajali. Mimi niliyekuwa nasikia akivisemesha vile vyandarua nilijua anajali sana.

Basi mwaka huo akaja mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Aliletwa kuandaa mpango wa utalii endelevu wa miaka ishirini, mpaka Tarime itakapokuwa jiji kubwa. Alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vyeupe, na viatu vyeupe Tarime wakati wa mvua ni dalili kwamba mtu hajauliza. Tulikusanyika ukumbini, wananchi na maofisa, akatuwekea ramani ukutani. Jamani, jiji lilipendeza! Kulikuwa na bustani, njia za baiskeli, hoteli za ghorofa. Nilitafuta Nkende kwenye ile ramani, nikaikuta imepakwa kijani, imeandikwa "kituo cha mapumziko mafupi."

Mama mwenye nyumba wangu akanyoosha mkono. "Mafupi kiasi gani, mwanangu?"

"Kama nusu saa, mama. Mgeni anashuka, anaenda chooni, anakunywa chai, anapiga picha, anaendelea na safari."

"Kuchimba dawa, kwa hiyo."

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Mama hakucheka. Akasimama. "Yaani tukae tupange miaka ishirini, halafu mwisho wake dunia nzima ije kukojoa Nkende?"

Mtaalamu akaeleza kwamba utalii endelevu maana yake ni kutowalemea wenyeji kwa wageni. Mama akamuuliza ni nani amemlalamikia kwamba analemewa. Hapo mtaalamu akafanya walichofundishwa wataalamu wote kufanya wakibanwa: akasema ataenda kuona mwenyewe. Kesho yake ataipita njia nzima kama mtalii, kuanzia Nkende mpaka ndani ya hifadhi, atalala hoteli ya huko porini, akirudi Dar anafunga mpango. Na mama akateuliwa kuja nasi kuwawakilisha wenyeji. Alijiteua, kusema kweli.

Tuliondoka asubuhi na gari la halmashauri: mimi, mama, mtaalamu na dereva. Nyamongo tulikaa kidogo, tukazungukwa na bodaboda zote za mgodi wa dhahabu, kila mmoja akitaka kumbeba mtaalamu hata mahali asikokwenda. Tukaendelea mpaka Kisaka. Pale ratiba ilisema nusu saa kwa mzee mmoja mfugaji, atuonyeshe ng'ombe wake.

"Shikamoo, tata," tukamsalimia, yaani baba kwa Kikurya. Mzee akaitikia, akatuketisha, na ile nusu saa ikaisha hatujanawa hata mikono. Ng'ombe tulionyeshwa, tena mmoja mmoja, na tabia zake. Ukaja ugali wa mtama, nyama, maziwa mgando kwenye kibuyu. Mtaalamu alikuwa akichungulia saa chini ya meza. Kila akishiba, mama mwenye nyumba wangu anamwongezea tonge, na uso wake hauonyeshi chochote.

Tulipoinuka kuaga, mzee akaja na mbuzi. Mbuzi jike, mzima, wa madoa, ana kamba shingoni. Akamnyooshea mtaalamu ile kamba.

"Asante sana mzee," mtaalamu akasema, "lakini kwa kweli gari letu..."

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Hata ng'ombe niliona wamegeuka. Kwa Wakurya mgeni wa heshima haondoki na maneno matupu, anaondoka na kitu chenye miguu, na kukikataa ni kumkataa mwenye mji na watoto wake wote.

"Pokea kamba," mama akamnong'oneza, na mnong'ono wake ulisikika mpaka zizini.

"Mama, mimi naishi ghorofani."

"Pokea kamba, mura, kijana wangu, usituletee vita."

Kijana akapokea. Mzee akamwambia kwamba amempa jike ili azae, maana dume angeliwa leo na kesho umesahau alikotoka.

Tukamweka mbuzi kiti cha nyuma, katikati yangu na mtaalamu. Wee! Nimesafiri na watu wengi wakorofi, lakini yule alikuwa na mambo. Mtaalamu alijaribu kutueleza jinsi ya kugawa mapato kwa njia endelevu, na kila akifika kwenye neno "endelevu" mbuzi anapiga kelele. Dereva alicheka mpaka akasimamisha gari afute macho. Mwishowe mtaalamu akampa mbuzi biskuti, na urafiki ukaanzia hapo.

Kwenye geti la hifadhi askari akatuchungulia dirishani. Akaangalia vibali, akatuangalia sisi, akamwangalia wa tano.

"Mifugo haingii hifadhini."

"Huyu si mifugo, ni zawadi," mama akasema.

"Mama, ni mbuzi."

"Humo ndani mna wanyama wangapi? Huyu mmoja atawapunguzia nini?"

Askari alikuwa mtu mvumilivu, Mungu ambariki. Akaeleza magonjwa, akaeleza sheria. Tukamwomba basi akae naye getini mpaka kesho. Akakataa katakata: "Mkuu wangu akikuta mbuzi hapa, nitasema nimempata wapi?" Dereva, ambaye hajui aibu, akashauri tumchinje tu palepale tumalize ubishi, chumvi anayo.

"Hapana!" Aliyepiga kelele alikuwa mtaalamu. Alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili, kofia imeanguka. "Huyu ni wangu!"

Tulimwangalia wote. Mama peke yake ndiye aliyetabasamu. Akasema taratibu, taratibu ambayo sijamsikia nayo tena, "Kama ni wako, mura, basi ana pa kulala. Twende nyumbani."

Basi hoteli ya porini ikabaki na kitanda chake, nasi tukageuza gari. Jioni ile mama alimwonyesha mtaalamu chumba cha bluu. Alimwonyesha chandarua, akamwonyesha namna ya kukifungua, akamwonyesha tena. Nilikuwa uani nachambua mboga, nikamwona amesimama mlangoni ameshika taa na hataki kuondoka. Nilitaka kumtania, nikarudi kuchambua mboga.

Asubuhi mtaalamu aliamka jua limeshapanda, akanywa uji, swali lake la kwanza likawa mbuzi ameamkaje. Akaanza kuhangaika atamfikishaje Dar kwa basi.

"Mwache kwangu," mama akamwambia. "Huku kwetu mtu anafugiwa na mwenzake. Akizaa nitakupigia, utakuja kuwaona."

"Utamtunza mpaka lini, mama?"

"Si wewe ndiye wa miaka ishirini?"

Mpango ulipotoka, neno "mafupi" lilikuwa limeondolewa. Nilifurahi kwa adabu ya kiofisi, nikaweka nakala kabatini. Mama hakuusoma. Shughuli yake ilikuwa kumlisha yule mbuzi, aliyekuwa ananenepa ubavu mmoja baada ya mwingine, na kuhesabu mawingu, kwa sababu mahindi yalikuwa yanakomaa mapema na shemeji zake walishaanza kupita kupima milango kwa macho.

Mbuzi akazaa mapacha wiki ileile waliyoanza kuvuna. Mama akapiga simu Dar kwa sauti ambayo haikuhitaji simu. Nilidhani kijana atatuma salamu tu. Ilipofika Ijumaa likaja gari: mtaalamu, mkewe, wenzake wawili wa ofisini waliochoka kusikia habari za mbuzi wakataka kumwona, na mama mkwe wake aliyesema mkwe asingeweza kuwa na mifugo asiyoijua yeye. Shemeji nao wakafika mchana na mkokoteni wa magunia. Wakakuta viatu nje ya kila mlango. Wakasimama. Mkubwa wao akabisha hodi kwenye chumba cha bluu cha kwanza, akatoka mama mkwe wa Dar es Salaam na kanga kifuani, akamuuliza kwa ukali anataka nini kwenye chumba cha watu. Magunia yakageuza njia.

Jioni, nimeshaoga nataka kujinyoosha, mlango wangu ukagongwa. Mama mwenye nyumba amesimama na mto kwapani. Hata chumba chake mwenyewe alikuwa ametoa.

"Sogea," akasema. "Leo nalala kwako. Kwangu kumejaa."

Akajitupa katikati ya kitanda changu, akaniachia ukingo, akaanza kucheka peke yake huku amejifunika uso. Kitanda kizima kikawa kinatikisika. Nilikasirika, maana sipendi kubanwa, na nilifurahi mpaka nikalia.