Jumapili ya Mashindano Mawili

Mtu wa makamo anayeanza mchezo wa vijana lazima awe na sababu, au awe mjinga. Mimi nilikuwa na sababu. Mke wangu na binti yetu waliondoka mji wetu wa Mocímboa wakati wa vita wakaenda Pemba, mji mkuu wa mkoa, na mambo yalipotulia nilirudi peke yangu kufungua duka. Nilidhani watanifuata baada ya wiki chache. Mtoto akaanza shule kule, mama yake akapata wateja wa maandazi, na mimi nikazoea kula wali wa jana.

Kila nilipompigia simu mke wangu nikamwambia njia sasa ni nzuri, alinijibu lile lile.

"Usinisimulie njia, bwana. Njoo ukiendesha mwenyewe, ufike hapa mlangoni, ndipo tuzungumze habari ya kurudi."

Hakuwa anatania. Pemba nilikuwa nakwenda kwa chapa, daladala za kwetu, gari langu jeupe nimeliacha uani. Kuendesha nilijifunza ukubwani, kwenye koluna, ule msafara wa magari unaosindikizwa na askari, nilipokuwa nafuata bidhaa Mueda. Koluna ina sheria zake: usimpite mtu, usisimame, kanyaga alipokanyaga wa mbele. Dereva wa namna hiyo hajui njia, anajua bampa ya mwenzake. Ukimwacha peke yake barabarani, anatokwa na jasho la viganja.

Fundi wangu wa magari, Mmakonde mwenye mdomo, ndiye aliyenishauri nijaribu autokrosi. Si mbio za kufukuzana. Wanapanga koni uwanjani, gari linaingia moja tu, linapinda na kugeuka katikati ya koni, na mtu kasimama pembeni na saa. Ukigusa koni, unaongezewa sekunde.

"Utajifunza kuishika hiyo gari bila kuchungulia mgongo wa mtu," alisema.

Basi yakatokea mashindano mawili, Jumapili moja. Ya Pemba yalikuwa kwenye yadi ya lami, palipo na maghala: magari mengi, watazamaji, kapaseti, yaani helmeti, za kuazima, na wageni wa mchezo wanakaa na mzoefu kiti cha pembeni. Lakini foleni ndefu, na kila mtu anaingia mara mbili tatu basi. Ya kwetu yalikuwa kwenye kampu, uwanja wa mpira, udongo mgumu, madumu ya mafuta badala ya koni, vijana wachache wanaojuana. Hapo unazunguka mpaka mafuta yakuishie.

"Anayeanza, mano, ndugu yangu, hatafuti watu wa kumtazama," fundi aliniambia. "Anatafuta kuzunguka."

Nilimweleza mke wangu yote mawili. Akaniuliza nitakwenda wapi. Nikasema nitaona. "Haya," akasema, akaanza kuniuliza bei ya sukari.

Wiki nzima nilijipa sababu. Umbali, matairi, mafuta. Zote za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu. Niliogopa kuangusha koni mbele ya binti yangu, na zaidi niliogopa ile njia ndefu isiyo na gari mbele. Nikajiambia nikomae kwanza hapa, kisha niende kule na kichwa juu. Ubaya wa kukaa peke yako ni huo, kila unachoamua kinapita bila mtu wa kukupinga. Mke wangu angekuwepo, angenicheka kabla sijamaliza sentensi.

Siku yenyewe nilipangwa nyuma ya pikapu moja kuukuu. Ikaingia, ikazunguka, ikamaliza. Mwenye saa akanipungia mkono niingie. Nami, bila kufikiri, nikaifuata ile pikapu. Nikapita pembeni ya madumu yote, nikatoka nayo uwanjani, nikaifuata mpaka kwenye kivuli alikokwenda kuegesha. Nikasimama nyuma yake vizuri kabisa, kwa nafasi ile ile ya koluna.

Dereva akashuka. "Shehe, unanifuata nini?"

Uwanja mzima ulicheka, wengine wakakaa chini. Nilipandwa na hasira, nikataka kwenda nyumbani. Lakini kicheko kilikatika mapema kuliko nilivyotegemea, maana karibu kila mtu pale alikuwa amepita kwenye koluna. Mwenye pikapu aliegemea dirisha langu akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye, akiwa peke yake, bado hupunguza mwendo kumsubiri wa mbele. Akanirudisha mwenyewe mpaka kwenye mstari.

Mara ya pili nilikaa pale kwenye mstari nikiutazama uwanja mtupu. Fundi akapiga kelele, "Hakuna mtu mbele! Nenda!" Nikaenda. Niliangusha madumu matatu, usukani umenilemea, vumbi limejaa mdomoni. Nikarudia, nikarudia tena. Alasiri, madumu yote yalibaki yamesimama, na mikono yangu ilikuwa mikavu. Nilifurahi kama mtoto. Vijana walikuwa wanakumbatiana, kila mmoja na wake, nami nikatoa simu.

"Uko wapi?" mke wangu aliuliza kabla sijasema lolote.

"Hapa kwenye kampu. Hapa Mocímboa. Sikuangusha hata dumu moja!"

"Sisi tulikuwa kule kwenye maghala toka asubuhi," alisema.

"Sikusema nitakuja."

"Hukusema hutakuja."

Binti yangu akaichukua simu. Siku hizi ananiita papá, kama wenzake wa shuleni.

"Papá, magari meupe yalikuwa mengi. Na watu wamevaa kapaseti, nyuso hazionekani. Tulikuwa tunapigia makofi kila jeupe."

Nikamwomba anipe mama yake.

"Nitakuja Jumapili ijayo," nilimwambia. "Nitaendesha mwenyewe. Sasa naweza."

"Haya," alisema, wala hakuwa na hasira. "Sisi tumesharudi nyumbani, tunapika."

Miaka yote ile, chumba cha Pemba alikuwa anakiita "huku tulikopanga." "Nyumbani," kinywani mwake, palikuwa hapa Mocímboa.