Shangazi Restuta na Namba Iliyopanda

Kwa miaka ishirini na sita shangazi yangu Restuta alipima uzito wa ng'ombe kwenye kituo cha mifugo Mpwapwa, na ole wake mfanyakazi aliyepandisha dume mzanini likiwa limeshakunywa maji. "Umepima ng'ombe au umepima kisima?" alikuwa akimuuliza mbele ya watu wote. Alitaka alfajiri kabla ya maji, na alitaka mzani uleule, basi.

Mwaka jana alikutwa na saratani ya ovari. Kabla ya dozi ya kwanza ya dawa za dripu, hospitali ya Dodoma ilipima alama ya saratani kwenye damu yake, namba inayotarajiwa kushuka dawa ikifanya kazi: 640. Baada ya wiki tatu alitakiwa kwenda Dodoma kupima tena. Akakwepa safari, akapima maabara ya jirani na kwake. Majibu: 910.

Baba yangu, Mzee Bartolomayo, ndiye kaka yake mkubwa. Siku ya dozi ya pili alifika naye hospitali ya Dodoma akiwa ameshaamua. "Dawa hii inaulisha ugonjwa. Tunarudi nyumbani." Naona aibu kusema kwamba mimi, niliyefuatana nao, nilikubaliana naye.

Daktari Naima aliigeuza ile karatasi. "Mama, hii umepimia wapi?"

Shangazi akafumba macho. Kweli mganga hajigangi! "Mwanangu, nimepimia mzani wa jirani," akasema, akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Daktari akatueleza kwamba damu ileile, kwenye mashine za maabara mbili, inaweza kutoa namba mbili. Wakapima upya palepale. Mchana majibu yakaja: 720.

"Bado imepanda," baba akasema.

"Imepanda," daktari akakubali. "Kwa wengine hupanda mwanzoni, seli zinapovunjwa na dawa, kisha hushuka. Inawezekana pia dawa haijashika, sitawaficha. Lakini namba moja haitoshi, na nilivyompima leo sioni ugonjwa kuzidi. Nashauri tuendelee, tupime hapahapa kila dozi, tuone inaelekea wapi."

Baba akainuka, akabeba mfuko wa nguo. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia shangazi akimbishia kaka yake.

Shangazi akapandisha mkono wa gauni, akamnyooshea muuguzi. "Kaka, ukiondoka niachie shuka. Humu kuna baridi, na mimi dawa naendelea nayo."

Baba alifika mlangoni, kisha akarudi kukaa. Nywele za shangazi zilikwisha, na kuna siku hata uji ulimshinda. Safari ya Dodoma hakukosa tena. Baada ya dozi ya pili ikawa 530. Baada ya dozi ya tatu, 260. Hiyo aliisoma baba kwa sauti, akairudia, machozi yakimlenga.

"Sijapona, kaka," shangazi akamwonya. "Imeshuka tu."

"Najua," baba akasema. "Dozi ya nne ni lini?"